Ngano hairekodiwi bila hadhira

Rekodi nyingi za ngano ninazozisikiliza kutoka Rungwe, Iringa na Njombe hazijaharibiwa na mashine. Zimeharibiwa na kiti. Bibi kakalishwa peke yake saa nne asubuhi, maiki mdomoni, kaambiwa "haya, tusimulie." Ngano ya dakika ishirini inatoka kwa dakika nne. Kibwagizo kinaimbwa mara moja tu kwa sababu hakuna wa kuitikia, na fisi anatajwa bila kuunguruma. Atakayeisikia baada ya miaka hamsini atadhani ngano zetu zilikuwa muhtasari.

Kabla ya kifaa, basi, tafuteni hadhira: wajukuu saba au wanane wanaoielewa lugha, jioni, baada ya kula. Maiki mbili zinatosha. Ya fanani, yaani msimulizi, ikae sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Ya pili ielekee watoto. Moto wa kuni uwe mbali, maana mlio wake hautoki tena kwenye rekodi. Kiwango cha sauti kipimeni kwa kumwomba fanani aimbe kibwagizo, si kwa kuhesabu moja mpaka tano. Wimbo huja ghafla, na sauti iliyopasuka haishoneki. Rekodini WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, 48 kHz, biti 24. Saa moja ya stirio hula takriban GB 1. MP3 ni ya kutumiana kwenye simu, si ya kuhifadhi.

Nendeni Juni hadi Oktoba. Mvua ya Tukuyu juu ya bati humeza kila neno, na baada ya mavuno wazee wana nafasi. Ila Makete na Mufindi usiku wa Julai baridi huzimaliza betri upesi, kwa hiyo za akiba zikae mfukoni, karibu na mwili. Ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, lina shida yake: sauti ya nyuzi ni ndogo kuliko ya mwimbaji, kwa hiyo maiki isogee kwenye kibuyu.

Kazi ngumu ni kuandika. Tafadhali, msianze na Kiswahili. Kinyakyusa kina irabu saba. Ukikiandika kwa tano, maneno mawili tofauti yanageuka moja, na tafsiri inayofuata inapotoka hapohapo. Andikeni lugha ya mama kwanza, mkae na fanani kuhakiki, ndipo mtafsiri. Saa moja ya sauti inaweza kula wiki nzima, na wiki hiyo haifupishiki.

Ruhusa irekodiwe kwa sauti mwanzoni: jina la fanani, ngano aliipata kwa nani, nani aisikie. Nyimbo za matambiko na za unyago nyingine si za masikio ya wageni. Mzee akisema zima, zimeni. Mkataba wa UNESCO wa 2003, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2011, unaitaka jamii yenyewe ishirikishwe katika kulinda urithi wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 nayo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, jambo ambalo wanaochukua vibwagizo vya kijijini kutengenezea matangazo hulisahau kabisa.

Nakala ziwe tatu, moja ikae wilaya nyingine. Na kabla hamjaondoka kijijini, ya kusikilizia iwe tayari kwenye kadi ya simu ya mjukuu mmojawapo, faili likiwa na jina la bibi, kijiji na tarehe, si "REC0047".