Chatu Hanywi Maziwa, Nasema Tena

"Daktari, chatu hali, na maziwa nampa kila siku."

Hapa Tabora nimelisikia hilo hadi nimechoka. Juzi mzee mmoja wa Bayeye, wacheza ngoma na nyoka, aliniletea chatu wake wa ngoma ndani ya kiroba cha mpunga. Nilipofungua kamba, harufu ya maziwa yaliyochacha ikanipiga usoni. Chini ya mkia palikuwa pamevimba, pekundu, pamegandiwa na kinyesi chepesi.

Jamani, nyoka hanyonyeshwi. Mama yake hana chuchu, na tumbo lake halina kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Sukari hiyo inachachia utumboni, nyoka anahara, anapoteza hata yale maji kidogo aliyokuwa nayo. "Mbona anakunywa?" Ana kiu, mzee wangu! Ukimnyima maji, chochote cha majimaji atakinywa. Mzee akaapa kwamba babu yake alimfuma chatu akinyonya ng'ombe zizini. Babu namheshimu, lakini nyoka hana midomo ya kufyonza, na meno ya chatu yamepinda kama ndoano kuelekea kooni. Ng'ombe gani atatulia na ndoano hizo kwenye kiwele? Nikamwekea beseni la maji. Akazamisha pua, akanywa, akanywa, mpaka mzee akaacha kubishana.

Kutokula nako si lazima awe mgonjwa. Chatu mkubwa akishiba vizuri hukaa wiki kadhaa, na akikaribia kujivua gamba hususa.

Kuna wanaodhani akishameza, kazi imekwisha. Nyoka husaga chakula kwa joto analolipata nje ya mwili. Juni na Julai usiku wetu hushuka hadi karibu nyuzi 15. Kwa baridi hiyo, sungura aliyemezwa anaozea tumboni, kisha anatapikwa mzimamzima, ananuka. Mpe kona yenye joto la nyuzi 30 hivi. Na ukimvisha shingoni ngomani kesho yake, atakutapikia mbele ya wageni. Mimi husema wiki nzima asiguswe. Wengine wanasema siku mbili, shauri yao.

Halafu kile cheupe kama chokaa kwenye kinyesi si usaha wala mifupa. Mifupa huyeyuka tumboni. Ule ni mkojo wake, ndivyo nyoka anavyokojoa, kwa hiyo msiniletee kwenye kikopo saa tatu usiku.