Harufu ya luosifen haitoki kwa konokono

Wengi wanaoagiza luosifen, supu ya tambi za mchele ya mji wa Liuzhou katika jimbo la Guangxi, kusini mwa China, huamini kwamba harufu yake kali hutoka kwa konokono waliopikiwa mchuzi, au hata kwamba konokono hao wameharibika. Dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa konokono ndiye anayetajwa kwenye menyu.

Kinachonuka hasa ni machipukizi ya mianzi, ambayo hukatwa vipande vyembamba na kuachwa ndani ya maji hadi yachachuke na kugeuka manjano hafifu. Konokono wa mtoni huchemshwa kwa saa kadhaa pamoja na mifupa ya nguruwe na viungo, kisha mchuzi huchujwa, ndiyo maana mara nyingi mlaji haoni nyama yao bakulini, bali karanga, uyoga mweusi, ngozi ya tofu (utando wa maziwa ya soya) iliyokaangwa na mafuta mekundu ya pilipili. Kwa maoni yangu, asiyekula nguruwe ana sababu kubwa zaidi ya kuuliza kuhusu mifupa hiyo kuliko kuhusu harufu.

Jambo hili ni rahisi kulihakiki. Mgahawani, omba machipukizi yaletwe katika kibakuli cha pembeni, unuse mchuzi kwanza, kisha uyanuse yenyewe. Katika luosifen ya pakiti, machipukizi kwa kawaida huwa na kifuko chake, hivyo kila kifuko kinaweza kufunguliwa na kunuswa peke yake.