Theluji ya Kilimanjaro haisubiri baridi ya Julai

Kila ukifika mwezi wa sita watu wa Moshi na Arusha wanatoa masweta, na wale wapenzi wa hali ya hewa wanaanza kuulizana theluji nzito itashuka lini Kibo, kile kilele kirefu cha Kilimanjaro, maana tumeshakariri kwamba baridi ikizidi huku chini basi kule juu ndo theluji inamwagika. Jamani sio hivyo.

Kileleni, mita 5,895, baridi ipo mwaka mzima, wastani kama nyuzi 7 chini ya sifuri, Januari na Julai hazipishani sana. Kinachokosekana Julai ni unyevu. Yale mawingu mazito yanayotufunika Moshi miezi hiyo yanakaa chini, usawa wa msitu, ukiyapita ukaendelea kupanda unakuta jua kali na hewa kavu, sasa theluji itoke wapi?

Theluji ya maana inakuja na mvua, yaani masika, Machi mpaka Mei, halafu vuli, hasa Novemba na Desemba. Dhoruba ya usiku mmoja tu inatosha, asubuhi Kibo nzima nyeupe, mpaka miamba ya Mawenzi, kilele cha pili, imepakwa, na wapagazi wanajua kabisa leo njia ya juu imefukiwa. Ila weupe huo msiuchanganye na barafu ya zamani, huu mpya mara nyingi jua linaumaliza ndani ya siku chache, na sehemu yake inageuka mvuke moja kwa moja bila hata kuyeyuka.

Kwa hiyo anayeisubiri afuatilie utabiri wa mvua wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), sio kipimajoto cha Moshi, na aangalie mlima alfajiri kabla mawingu hayajapanda.