Upasuaji wa nyongo kwa matundu madogo: picha ya mirija inapigwa ya nini?

Ultrasaundi nimeshapiga, mawe yameonekana, sa picha nyingine ya nini nikiwa nimeshalazwa tiata?

Ultrasaundi inaona vizuri mawe yaliyo ndani ya mfuko wa nyongo, ila kwenye mrija mkuu unaoshusha nyongo toka kwenye ini kwenda utumbo mwembamba mara nyingi gesi ya tumboni inazuia, jiwe linaweza kukaa huko lisionekane, na likibaki utatolewa mfuko alafu urudi na maumivu yaleyale na macho ya njano juu.

Lakini kwangu mi sababu kubwa ni nyingine. Mfuko umeungwa na mrija mkuu kwa kamrija kafupi, hako ndo kanakatwa. Sasa mtu aliyekaa na maumivu muda mrefu akimeza vidonge vya tumbo, ndani kunakuwa kumevimba na makovu, mirija inashikana, daktari anaweza kuukata mkuu akidhani ndo ule mfupi. Inatokea kwa wachache, chini ya mtu 1 kwenye 100, ila ikikupata ni opresheni nyingine kubwa na ini linaweza kuharibika. Picha haizuii kila kosa, inasaidia ligundulike hapohapo mezani na sio wiki mbili baadae ukiwa kwenu Kondoa.

Inapigwaje?

Umelala nusu kaputi, husikii kitu. Kampira kembamba kanaingizwa kwenye kamrija kafupi, inasukumwa dawa yenye ayodini, eksirei inawashwa. Dawa inatakiwa ipande mpaka matawi ya kwenye ini na ishuke mpaka utumbo, ikikwama kuna jiwe au kuna shida. Njia hii aliianzisha Mirizzi wa Argentina miaka ya 1930. Siku hizi ipo pia dawa ya kuchoma kwenye mshipa, mirija inang'aa kijani kwenye kamera maalum bila mionzi, ila mawe haiyaonyeshi vizuri.

Ni lazima kwa kila mtu?

Hapana, madaktari wenyewe hawafanani kwenye hili. Wengi wanapiga kwa mwenye macho ya njano, vipimo vya ini vilivyopanda, mrija uliotanuka au aliyewahi kuvimba kongosho. Uwe unatibiwa hospitali ya Mkapa au General za Dodoma, au kwingine, kabla hujasaini fomu muulize dokta, mrija wangu mtauhakikishaje? Una haki hiyo kabisa ndugu yangu. Na mwambie kama una mimba au aleji ya dawa za picha.

Nikisharuhusiwa?

Macho yakiwa njano, mkojo kama chai ya rangi, homa na kutetemeka, au tumbo linazidi kuuma, rudi hospitali siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.