Pikapu ya Umeme na Kiungo cha Tela: Nguvu ya Kuvuta Inaishia Wapi

Mwezi Julai 2019, kampuni ya Ford ilitoa video ya pikapu ya majaribio ya F-150 inayotumia umeme ikivuta mabehewa kumi ya ghorofa mbili, ambayo kwa pamoja yalikuwa na uzito wa zaidi ya tani 450. Baadaye mabehewa hayo hayo yakapakiwa pikapu 42, uzito ukapanda hadi takriban tani 567, na gari likayavuta tena kwa umbali wa kama mita 300. Watu wengi walioniuliza kuhusu pikapu za umeme tangu wakati ule wameanza na video hiyo, na sioni sababu ya kuitilia shaka. Ila gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halipati ukinzani mkubwa, na katika tambarare kani inayohitajika kuendeleza mwendo wa treni ni sehemu ndogo ya asilimia moja ya uzito wake. Tena mabehewa yale yalijibeba yenyewe: hakuna hata kilo moja iliyokandamiza nyuma ya pikapu, hakukuwa na kasi, hakukuwa na upepo wa ubavuni, kona, shimo barabarani wala haja ya kufunga breki ghafla.

Mimi ni mhandisi wa mitambo, na kazi yangu ni kukagua viungo vya kuvutia tela pamoja na sehemu za fremu vinapofungwa. Katika kazi hii nimeridhika kwamba swali la nguvu ya mota limekwisha kujibiwa. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu gurudumu likiwa limesimama, bila kusubiri injini ipande mizunguko wala gia ibadilishwe. F-150 Lightning, pikapu ya umeme ya Ford, kwa mfano, inatoa nyutonimita 1,050. Swali linalobaki, ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi, ni kama kiungo, fremu, ekseli, matairi na breki vinaweza kupokea kile ambacho mota inaweza kuvuta, na kama dereva atapata dalili yoyote pale mipaka hiyo inapovukwa.

Nchini Marekani, nyumbani kwa pikapu kubwa kama hizi, watengenezaji wengi hupima uwezo wa kuvuta kwa kufuata kanuni inayoitwa J2807 ya SAE, chama cha wahandisi wa magari. Mojawapo ya majaribio yake ni kupanda mlima wa Davis Dam huko Arizona, barabara ya takriban kilomita 18 inayopanda karibu mita 900, katika joto la angalau nyuzi 38, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na pikapu ya kawaida hairuhusiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Anayejua jinsi malori yanavyohema kwenye mteremko wa Kitonga pale Iringa ataelewa kwa nini jaribio hilo liliwahi kuzishinda injini nyingi. Kwa mota ya umeme, mlima huo si tatizo la nguvu. Ndiyo maana takwimu za matangazo ni kubwa: kilo 4,536 kwa F-150 Lightning yenye vifaa kamili vya kuvutia, na kilo 4,990 kwa Rivian R1T na kwa Tesla Cybertruck. Takwimu hizo ni za kweli, lakini kila moja ina masharti yake, na sharti la kwanza ni uzito unaoliangukia tufe la kiungo, yaani ile mpira ya chuma nyuma ya pikapu ambayo tela hukalia.

Tela la kawaida la ekseli za katikati halipaswi kukaa sawasawa juu ya magurudumu yake. Kwa kipimo cha Kimarekani, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lililopakiwa inapaswa kulala juu ya tufe, kwa sababu tela ambalo uzito wake umerudi nyuma huanza kuyumba kushoto na kulia kadiri mwendo unavyoongezeka, na kuyumba huko kukishafikia kiwango fulani hakuzimiki kwenyewe. Uzito huo wa juu ya tufe hubebwa na pikapu, kwa hiyo unahesabiwa ndani ya mzigo ambao pikapu imeruhusiwa kubeba, sambamba na abiria, mizigo ya nyuma na kiungo chenyewe. Tuchukue R1T ya matoleo ya mwanzo, yenye ruhusa ya kubeba takriban kilo 800. Tela la kilo 4,990 likiweka asilimia 10 juu ya tufe, kilo 499 zimekwisha kutumika, na zinabaki kilo 300 kwa watu na vitu vyao. Tela hilo hilo likiweka asilimia 15, zinabaki kama kilo 50, ambazo hazimtoshi hata dereva mwenyewe. Betri ndiyo inayobana hesabu hii, kwa kuwa ina uzito wa mamia ya kilo, na kila kilo yake imetolewa katika uwezo wa ekseli na matairi kabla mwenye gari hajapakia chochote.

Dereva wa pikapu ya dizeli aliyezidisha mzigo alikuwa akiambiwa na gari lake. Springi za majani zilikaa chini, taa za mbele zikaelekea juu, injini ikanguruma, mshale wa joto ukapanda. Pikapu nyingi za umeme za bei ya juu zina springi za hewa zinazojisawazisha, na hivyo nyuma ya gari hubaki katika kimo kile kile hata uzito wa juu ya tufe ukiwa mara mbili ya ulioruhusiwa. Mota haibadilishi sauti. Kasi inapatikana vilevile. Jambo hili linanisumbua kuliko mengine yote katika magari haya, kwa sababu dalili alizozitegemea dereva mwenye uzoefu zimeondolewa na teknolojia ile ile iliyomrahisishia kazi, ilhali ekseli na boliti zinaendelea kubeba uzito uleule.

Dawa yake ni mizani. Pima pikapu peke yake ikiwa na watu na mizigo itakayosafiri nayo, kisha ifunge tela na uipime tena huku magurudumu ya pikapu pekee yakiwa juu ya jukwaa la mizani na ya tela yakiwa nje. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo uzito unaoliangukia tufe. Ukiweza, pima na ekseli ya nyuma peke yake, kwa kuwa kiungo kiko nyuma ya ekseli hiyo na kwa hiyo huiongezea uzito mkubwa kuliko ule ulio juu ya tufe, huku kikiipunguzia ekseli ya mbele. Linganisha na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na pia na kibandiko cha kiungo chenyewe, kwa kuwa kilicho kidogo kati ya mipaka yote ndicho kinachotawala. Kwenye baadhi ya pikapu, kiungo kinachobeba bila vyuma vya kugawanya uzito (vinavyohamishia sehemu ya uzito wa juu ya tufe kwenye ekseli ya mbele na za tela) kina mpaka wa karibu nusu ya ule uliotangazwa, na vyuma hivyo navyo kampuni nyingine huvitaka na nyingine huvikataza.

Ulaya na katika nchi nyingi zinazofuata kanuni ya 55 ya Umoja wa Mataifa, kiungo hupewa thamani ya D, ambayo ni kani ya mlalo inayotumika kama kigezo cha kukipima. Hesabu yake ni kuzidisha uzito wa juu kabisa wa gari kwa ule wa tela, kugawanya kwa jumla ya uzito wa vyote viwili, na kuzidisha kwa 9.81. Gari la tani 3.5 likivuta tela la tani 3.5 linahitaji kiungo cha angalau kilonyutoni 17.2. Sasa badilisha gari hilo kwa la umeme lenye uzito kamili wa tani 4.5 na uache tela lile lile: hesabu inapanda hadi kilonyutoni 19.3. Tela halijaongezeka hata gramu, lakini kiungo cha zamani hakitoshi tena. Fundi anayehamisha kiungo kutoka pikapu ya dizeli kwenda ya umeme kwa sababu matundu ya boliti yamelingana, anafanya kosa ambalo jicho haliwezi kuliona.

Kuhusu vifaa vya fremu, mjadala mkubwa wa 2024 ulihusu Cybertruck, ambayo sehemu yake ya nyuma inayobeba kiungo ni kipande kimoja kikubwa cha alumini ya kusubu, yaani iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Zilisambaa video za sehemu hiyo ikivunjika, na katika jaribio mojawapo kiungo kilikandamizwa kuelekea chini hadi kikakatika kwa uzito wa takriban kilo 4,700. Ni lazima tuwe waadilifu hapa: ruhusa ya gari hilo ni kilo 500 hivi juu ya tufe, kwa hiyo lilikatika kwa zaidi ya mara tisa ya mpaka wake, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepakia hivyo. Hata hivyo nimeona wengi wakilitumia jibu hilo kufunga mjadala, nami sikubaliani nao. Kishindo cha tela likipita shimo kwa kasi huzidisha uzito wa juu ya tufe mara kadhaa kwa muda wa kufumba na kufumbua, na vishindo hivyo hurudiwa maelfu ya mara. Chuma cha feleji, kikibebeshwa chini ya kiwango fulani cha mkazo, kinaweza kustahimili mizunguko isiyo na idadi bila kuchoka. Alumini haina kiwango kama hicho, na mhandisi analazimika kuongeza unene ili uchovu wake usifike ndani ya maisha ya gari. Tena feleji hupinda kabla ya kukatika, na chuma kilichopinda mtu hukiona. Alumini ya kusubu hupinda kidogo sana kisha hukatika. Inawezekana kabisa kujenga gari salama kwa alumini, ila hilo linamdai mwenye gari ukaguzi wa mara kwa mara zaidi, na linamkataza kabisa kutumia tufe la tela kama mahali pa kufunga kamba ya kumnasua mtu aliyekwama kwenye matope kwa kumvuta kwa mishtuko.

Umbali wa safari hupungua kwa kiasi cha nusu, na wakati mwingine zaidi, pikapu ya umeme inapovuta tela refu lenye uso wa bapa. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, hivyo kushuka kutoka kilomita 110 hadi 90 kwa saa huupunguza kwa theluthi moja, na hakuna hatua nyingine rahisi yenye manufaa makubwa kama hiyo. Ninalitaja hili kwa sababu linagusa usalama moja kwa moja. Vituo vingi vya kuchajia vimepangwa kwa magari yanayoingia kwa kichwa, kwa hiyo mwenye tela hulazimika kulifungua, kuchaji, kisha kulifunga upya, mara nyingi usiku na akiwa amechoka. Kila kufunga upya ni nafasi nyingine ya kusahau pini, au ya kukiacha kikombe cha tela kikiwa kimekaa juu ya tufe badala ya kulifunika. Baada ya kufunga kitasa, inua mkono wa tela kwa jeki yake mpaka nyuma ya pikapu ianze kuinuka; kikombe kikibaki kimelishika tufe, kimefunga. Minyororo ya usalama ipitishwe kwa kupishana chini ya mkono wa tela ili ukichomoka uangukie juu ya minyororo na usijichimbie kwenye lami, na waya wa breki ya dharura, ule unaofunga breki za tela likichomoka, ufungwe kwenye pikapu yenyewe, kamwe si kwenye minyororo.

Mota inapogeuka jenereta ili kurudisha umeme kwenye betri, ni pikapu inayopunguza mwendo, huku tela likiisukuma kutoka nyuma. Katika barabara kavu iliyonyooka jambo hili halina madhara, lakini tela likiwa limeanza kuyumba, kuachia ghafla kanyagio kwenye gari linalojizuia kwa nguvu kunaweza kuzidisha hali. Breki za tela ndizo zinazopaswa kuanza, kwa kidhibiti cha mkono, usukani ukiwa umeshikwa bila kupambana nao. Na betri iliyojaa haina pa kupokea umeme: anayechaji hadi asilimia 100 kileleni na kuanza kushuka atagundua kwamba ule uzuiaji aliouzoea umepungua au haupo, na kazi yote imerudi kwenye breki za kawaida. Kwa safari inayoanza na mteremko mrefu, acha nafasi kwenye betri.

Wanaofikiria pikapu za umeme za bei nafuu zaidi wasidhani kwamba hesabu za Marekani zinawahusu. Maxus T90EV, yenye umbo la pikapu ya dizeli ya kawaida, imeruhusiwa kuvuta kilo 1,000 tu. Na anayenunua iliyokwisha kutumika aingie chini ya gari kwa tochi kabla ya kulipa, aangalie nyufa nyembamba kwenye pembe za sehemu kiungo kinapofungwa, unga mweupe wa kutu pale boliti ya chuma inapokutana na alumini, na matundu yaliyotobolewa baadaye. Nyufa kwenye alumini ya kusubu zisipelekwe kwa fundi wa kuchomelea wa mtaani, hata awe hodari kiasi gani kwenye chesisi za malori, kwa sababu joto la kuchomelea hudhoofisha alumini inayozunguka ufa, na betri yenye volti mamia kadhaa ipo karibu na mahali anapofanyia kazi. Kipande hicho hubadilishwa chote, na kabla ya kazi kuanza umeme wa volti kubwa unakatwa na mtu aliyefunzwa kuukata.