Panya aliyepona si mgonjwa aliyepona

Kila ikitoka habari kwamba saratani imepona kwa panya, utasikia: "Dawa ipo, wanaificha tu." Hapana. Panya wa kawaida ana kinga yake, na si kila inachokitambua ndicho inachokitambua yetu.

Ndiyo maana tangu 1988 watafiti wa Marekani wamekuwa wakitengeneza panya wenye kinga ya binadamu. Siku hizi huchukuliwa panya aliyezaliwa bila kinga, akapigwa mionzi kidogo, kisha akadungwa seli shina (seli changa zinazozaa seli za damu na kinga) kutoka damu ya kitovu cha mtoto mchanga. Baada ya wiki 10 hadi 12, tone la damu yake huonyesha seli T za mtu (askari wa kinga) zikizunguka. Hapo hupandikizwa kipande cha uvimbe wa mgonjwa, na watafiti hutazama kama seli hizo zitauvamia au zitaupita kando.

Hata huyu, si mtu mdogo mwenye mkia. Seli zake T hukomaa ndani ya thaimasi ya panya, tezi ya kifuani inayozifunza seli T, hivyo mafunzo yake ya kumtambua adui ni ya kubahatisha. Seli nyingine za kinga hubaki chache, maana kemikali za mwili wa panya haziziamshi. Baadhi ya panya hawa hufa mapema, seli za mtu zikiwashambulia ini na ngozi. Dawa ikifaulu hapo, imepata tu sababu ya kujaribiwa kwa watu, na nyingi hukwamia huko hadharani, bila kufichwa na yeyote.