Kwa nini bunduki ya shabaha haina magazini

Anayezoea bunduki ya jeshi akishika ya shabaha huuliza kwanza: risasi zinakaa wapi? Hazikai. Unaweka moja kwa mkono, unafunga bolti (komeo linaloziba nyuma ya risasi), unafyatua. Tundu la magazini, kile kikasha cha risasi, ni pengo kwenye chuma, na chuma chenye pengo hupinda.

Uingereza na nchi za Jumuiya ya Madola zilishindana miaka mingi kwa Lee-Enfield No. 4, bunduki ya jeshi ya risasi za .303. Meno ya bolti yake, yanayoishikilia isirudi, hufungia nyuma, hivyo risasi ikilipuka bolti hubanwa, na mwili wa bunduki (chuma kinachobeba bolti) hujinyoosha. Vitani hilo si neno. (Tena kwenye yadi 1,000 mtikisiko wake ulisaidia: risasi iliyotoka polepole ilikuta mtutu umeinuka kidogo.) Tatizo lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960, risasi ya 7.62 mm iliposhika nafasi, kwa kuwa mgandamizo wake ni mkubwa zaidi. Mvua nayo ilizidisha: ganda lililolowa halishiki kuta za chemba (tundu risasi inamokaa), linasukuma bolti kwa nguvu zote, na matundu kwenye shabaha yanatawanyika juu na chini.

Ndipo zikaja bunduki zilizoundwa kwa shabaha pekee: Omark 44 ya Australia, Musgrave ya Afrika Kusini, kisha miaka ya 1970 Swing ya George Swenson, yenye meno manne mbele, jirani na chemba, na mwili mzito usio na tundu la magazini.

Ila chuma kizuri juu ya mbao mbaya ni kazi bure, na huku kwetu mbao ndiyo yenye visa. Fundi yeyote wa Mafinga, Iringa, anaujua mlango uliofunga vizuri wakati wa sakitu ya Juni ukagoma Januari. Mti wa bunduki, yaani mbao inayobeba chuma, hufanya vivyo hivyo: unavimba, unagusa mtutu upande mmoja, na risasi zinahama bila wewe kugusa saiti ya kulengea. Dawa ni kulaza mwili wa bunduki kwenye gundi ngumu ya epoksi na kuuacha mtutu uelee, yaani usiguse mbao. Pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao, kutoka mdomoni hadi karibu na chemba, bunduki ikiwa tupu. Ikikwama, kwangua hapo tu, kidogo kidogo, kisha paka vanishi sehemu uliyokwangua. Mbao iliyo wazi hunywa ukungu upya. Rudia kipimo mvua zikishakolea, maana cha Agosti hakikwambii kitu.